Karanga za Mwami

Harufu ya mahindi yaliyoloweshwa hadi yakachipua hunirudisha kwenye kibanda cha sungura nyuma ya nyumba yetu, mtaani Bagira, na kila nikiinusa nakasirika upya.

Ilikuwa miaka ya vita. Nyama sokoni ilikuwa hadithi, kwa hiyo Papa, mwalimu asiye na mshahara, alifuga sungura. Dume wetu nilimwita Mwami, yaani mfalme, kwa jinsi alivyotutazama kama watu waliochelewa kumletea kodi. Tatizo, majike aliowapanda hawakushika mimba.

"Huyu anakulaka bure," Papa alisema. "Tumuchinje."

Nililia mpaka akalegea.

"Basi umupe mahindi ya kuchipua na mbegu za boga. Inarudishaka nguvu ya kuzalisha. Akizalisha, ataishi. Nakuapia."

Nikawa daktari wake. Nililowesha mahindi koponi, nikamenya mbegu, na konzi ya karanga niliyopewa jioni nikampelekea yeye, tumbo langu likinguruma. Hatimaye jike mmoja akaanza kujinyofoa manyoya atandike kiota, akazaa. Nilicheka peke yangu mle kibandani.

Watoto wake walipokuwa wakubwa kidogo, nikakuta kizimba cha Mwami kitupu. Papa akasema amemwazima tonton aliyeishi Walungu, kaka yake Maman. Kwetu dume akienda kupanda kwa watu, hurudi na mtoto mmoja wa shukrani. "Atarudi," aliniambia, mkono wake kichwani pangu. Jioni ile tulikula nyama, wakasema ni ya mbuzi. Nami nikaendelea kumchipuzia Mwami mahindi, yakioza nalowesha mengine.

Juzi, kwenye arusi ya dada yangu, nilimtania tonton kwamba bado namngoja sungura wangu. Akashangaa kweli.

"Sungura gani? Basoda balikuwa bamefunga njia ya Walungu na bunduki zabo. Hakuna mutu alipita."

Nikamgeukia Maman. Alikuwa akitazama sahani yake.

"Ile mbuzi," alisema polepole, "uliomba tena supu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kati ya watoto wa Mwami kulikuwa na dume, na Papa alikuwa akimngoja huyo tu. Karanga nilizojinyima zilimnenepesha Mwami na kumzalia mwana wa kushika nafasi yake. Njaa ya miaka ile naijua, na kisu ningekisamehe. Lakini hata baada ya supu ile, Papa aliniona kila asubuhi nikibadilisha maji ya lile kopo, na kila asubuhi aliniuliza kama mahindi yameshachipua.