Nilipeleka ramani ya Marekani baraza la kata nikijua ni ya Mitwero

Wakuu, salaam. Naanza na hasara kabisa: mikorosho ishirini na tatu, nimeihesabu mara mbili, na juu yake nimempoteza shangazi yangu. Sidanganyi, uongo wangu wote niliumalizia barazani.

Baba alituachia shamba Mitwero, linapakana na la shangazi, dada yake. Baada ya msiba shangazi akaanza kuokota korosho upande wetu. Haki ilikuwa yangu, na shahidi nilikuwa naye: mzee jirani aliyepanda minyaa ya mpaka pamoja na baba.

Mimi nikaona maneno matupu hayatoshi. Nataka karatasi.

Kuna jamaa hapa Lindi mjini anauza vitu vya kale. Akaniletea ramani ya miaka ya hamsini, original. Mistari ya vilima, reli, maji ya bluu. Kingo zote zimekatwa, eti panya. Ndani ya maji kuna herufi zimetawanyika: M, halafu huko mbali I, mbali tena S, na S nyingine, zinaendelea hivyo hadi chini.

"M ndiyo Mitwero, kaka. S ni survey."

Alitaka laki mbili, nikamshusha hadi elfu themanini. Nikajiona mjanja wa mkoa mzima.

Madaraja juu ya yale maji, ambayo mimi niliyaita bahari yetu ya Lindi, niliyaona. Nikahesabu sita, nikarudia, sita. Nikasema labda Mwingereza alipanga akaondoka bila kujenga. Serikali si ndo zilivyo.

Siku ya baraza nikaitandaza mezani. Shangazi akaiinamia weee, kisha akauliza:

"Mwanangu, daraja hili liko wapi? Mbona mie ng'ambo ya Kitunda navuka kwa boti tangu usichana wangu?"

Watu wakaangua kicheko. Katibu akachukua kalamu, akaziunganisha zile herufi moja moja.

Mississippi.

Mzee jirani akachukua bakora yake. "Baba yako mpaka alinionesha kwa mguu, hakunipeleka Marekani. Mie nimejitoa."

Bila yeye sina kitu, baraza likampa shangazi ile mikorosho. Ukoo mzima ukasema mwenye ramani ya uongo, hata mpaka wake ni wa uongo.

Funzo: haki ukiichanganya na feki, yote inakuwa feki.

Sasa kaburi la baba limo mle mikoroshoni. Majani yamefika kiunoni. Shangazi nikimwamkia shikamoo, anaangalia pembeni.

Wenye uzoefu na mashangazi, nimwambieje aniruhusu nikafyeke tu, niondoke? Maana nikiingia na panga bila ruhusa, mnajua watakachosema.