Pale Gari Lilipobonyea

Nisikilize vizuri kabla hujanicheka. Jambo hili halikumpata rafiki wa jirani yangu, wala sikulisikia kijiweni. Lilinipata mimi, mchana, jua likiwaka, na pombe siinywi. Kama ningekuwa natunga, si ningetunga kitu cha kunipa sifa? Hiki ndicho kilichonifukuza Dodoma.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha kidato cha pili, siyo kwa utundu, ila kila nikikaa darasani nilikuwa nawaza ile barabara ya nje inaishia wapi. Nimeuza mafuta ya alizeti, nimevuna zabibu za watu, nimepakia vitunguu, mpaka nikapata gari langu dogo jeupe. Kupitia gari hilo, kwa mara ya kwanza maishani, nikapata kazi ya kutulia. Wafanyakazi wanne wa wizara, wakazi wa Nzuguni kama mimi, walikubali niwe nawapeleka Mtumba kila asubuhi na kuwarudisha jioni. Mkubwa wao alikuwa Mama Ester, mhasibu. Sharti lake lilikuwa moja tu: gari liwe zima na la kupendeza, maana yeye hawezi kushuka mbele ya wizara akitokea kwenye kopo. Tungeanza Jumatatu.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo niliamka, nikawasha gari, nikaondoka. Kwenda wapi? Sijui. Nilijua tu kwamba kuanzia wiki ijayo nitakuwa wa njia moja, kwenda na kurudi, na miguu ilikuwa inawasha. Nikaipita Mtumba, nikaipita Chamwino, nikaona njia ya vumbi inaingia kulia ambayo sikuwahi kuifuata. Nikaifuata.

Ulikuwa wakati wa kiangazi. Mizabibu imekatwa, imebaki visiki, na ardhi ina rangi ya mwiko wa zamani. Mbele yangu kikasimama kisulisuli. Anayeishi kule anavijua, vinazunguka mashambani kutwa nzima, hakuna anayevishangaa. Hiki kikaja barabarani, nikapunguza mwendo, kikanimeza. Ndani ya vumbi lile nikasikia kitu kinagonga upande wa kushoto. Puu. Siyo mlio wa jiwe. Mlio wa kitu kizito chenye nyama.

Nikasimama. Vumbi lilipopita nikashuka nikitegemea mbuzi, au Mungu aepushe, mtoto. Hakuna kitu. Hakuna damu, hakuna unyoya, hakuna alama ya kuburuzwa. Madigadi ya kushoto tu, juu ya tairi, pamebonyea kiasi cha kiganja. Rangi haijachubuka hata kidogo.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, hatua chache tu, anakung'uta koti lake.

Sasa tega sikio. Nilimpa shikamoo. Hakuitikia. Umewahi kumwamkia mzee, akakutazama, akakuacha na shikamoo yako mdomoni? Akasema tu, "Mbukwa," salamu ya Kigogo, kama vile yangu haikumhusu. Akasimama, akaja, akaweka kiganja chake pale palipobonyea. Kikaenea, vidole na vyote, kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Nikamuuliza kama nimemgonga.

"Ungenigonga ungenikuta nimesimama?" akasema, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, tuyamalize hapa hapa. Wewe nenda na gari lako hivi lilivyo. Usilinyooshe, wala habari zake usiwapelekee watu wa bima. Tuwe tunajua wawili tu."

Unajua kwetu tukigongana kidogo barabarani tunafanya nini. Tunashuka, tunasemezana, tunapeana mkono, kila mtu anashika njia yake. Kuyamaliza ni jambo la kawaida, kuita trafiki ndiyo ugomvi. Lakini anayeomba kuyamaliza huwa ni mwenye kosa, au mwenye kutaka kitu. Huyu hakutaka chochote. Nikamwuliza anataka nini, akasema hataki. Nikamwuliza nikilinyoosha itakuwaje.

"Litatafuta pengine pa kukaa."

Hapo nikamshtukia. Nikawaza, huyu ni tapeli. Leo anasema hadai, kesho ataleta mtu mwenye mguu uliovunjika aseme nilimgonga nikakimbia. Nikatazama chini. Mchanga wa pale ni laini kama unga. Nyayo zangu zilionekana, kutoka mlangoni mpaka mbele ya gari. Zake hazikuwepo. Nikajiambia upepo umezifuta. Lakini upepo gani unaofuta za mtu mmoja ukaacha za mwingine? Nilimwambia nitafikiria, mkono wake sikuupokea, nikageuza gari.

Jioni ile nikampigia Upendo, dada aliyenikatia bima kubwa. Ni binti mcheshi, ana kibanda chake cha uwakala karibu na stendi. Akaja kuliona gari, akacheka.

"Kaka, kwa hiki kidonda cha mbu unataka kuisumbua kampuni? Ukidai unapoteza punguzo lako la mwakani, na sehemu ya kwanza ya gharama unabeba mwenyewe. Mpelekee fundi bodi, kesho utakuwa umesahau."

Alikuwa ananishauri kwa hasara yake mwenyewe, na alikuwa sahihi. Mtu yeyote mwenye akili angemsikiliza. Mimi niliendelea kuhesabu upande mwingine. Yule mzee alikuwa hataki jambo lijulikane. Basi ulinzi wangu ni lijulikane. Nikiripoti kwa trafiki na kwa bima, siku akija na mguu wa mtu nina maandishi. Nikimsikiliza, nimejifunga. Je, wewe ungefanyaje?

Nikamwambia Upendo tudai. Akashusha pumzi, akasema gari ni langu. Jumapili trafiki akalikagua, Upendo akapiga picha kwa simu yake, akapitisha kidole pale palipobonyea, akasema ameshapokea taarifa yangu, mkadiriaji wa kampuni atakuja kesho. Mama Ester naye nilimweleza. Akasema ananisubiri mpaka gari lipone, ila nisimfanye asubiri sana.

Jumatatu saa sita mchana nilikuwa nje nikimngoja mkadiriaji. Nikageuka, mzee amesimama kando ya gari. Nzuguni, mtaani kwangu, ambako sikumwelekeza. Koti lile lile. Watoto wa jirani wanacheza mpira, hakuna aliyemtazama.

"Umewapa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, na trafiki anajua, na akinisogelea nitapiga kelele.

Hakukasirika. Niamini, ningefurahi kama angekasirika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa. "Nilikuomba tuwe wawili," akasema, "wewe umeita mkutano. Haya. Yule aliyelipokea ndiye analo." Akazunguka nyuma ya gari. Nikazunguka upande wa pili nikutane naye. Sikukutana na mtu.

Mkadiriaji akafika na Upendo, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Akaniuliza wapi palipogongwa. Nikamwonyesha. Na hapo nilipoweka mkono palikuwa tambarare. Nyororo. Vumbi la Jumamosi bado liko juu yake, sawasawa na sehemu nyingine, hakuna aliyelifuta. Upendo akafungua simu. Picha zinaonyesha pamebonyea. Gari halionyeshi.

"Umeshatengeneza kwa fundi wa bei poa, sasa unataka na hela zetu," kijana akasema, akamgeukia Upendo, "na dada yangu hapa sijui mlikubaliana vipi."

Upendo akaniangalia. Akageuka kwenda kwenye gari walilokuja nalo, na nikamwona anashika kiuno. Hatua ya tatu akawa anachechemea, mguu wa kushoto.

Usiku huo alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, hakutaka mumewe asikie. Akasema juu ya nyonga ya kushoto pameingia ndani. Hapaumi ukipagusa, ila mguu hauna nguvu. Alienda hospitali, wakampiga picha, wakamwambia mfupa ni mzima na haujawahi kuvunjika. "Kaka," akasema, "ni ukubwa wa kiganja. Ulinipa nini?"

Kesho yake nikarudi kule kwenye njia ya vumbi, nikakaa mpaka jua likashuka. Vilipita visulisuli vingi. Nilitoka nikasimama katikati ya kila kimoja, nikiita nimekubali, tuyamalize. Mzee hakutokea. Walipita wachunga ng'ombe wawili, wakanitazama, wakaongeza mwendo.

Njia nzima ya kurudi niliyarudia maneno yake. Aliyelipokea ndiye analo. Na Upendo alilipokea kwa sababu mimi nilimpa. Basi kilichotolewa kinaweza kudaiwa kirudi. Nilijua pia kitakachonipata, sikujidanganya. Nikifuta madai yale, nitaitwa mwongo na kampuni, trafiki atajua nilimchezea, na Nzuguni ni mahali padogo kwa habari kama hiyo. Nisipofuta, gari langu ni zuri, kazi yangu iko pale pale, na binti wa watu anachechemea maisha yake yote. Kwa saa nzima nilikaa ndani ya gari lile zuri. Nakuambia ukweli, niliyapima yote mawili.

Asubuhi nikaingia kwa meneja wa tawi la kampuni ya bima. Nikasema hapakuwa na ajali. Nilibuni, dada Upendo hakujua, nilimdanganya hata yeye. Meneja aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Nikasema ninazo, mnirudishie kilicho changu. Akadhani nazungumzia karatasi. Akanirudishia, na bima yangu akaifuta hapo hapo.

Nilipotoka nje gari lilikuwa limebonyea. Madigadi ya kushoto, juu ya tairi, kiasi cha kiganja.

Mama Ester alishapata habari kabla sijafika nyumbani. Alisema kwa upole kwamba mtu anayebuni ajali hawezi kumwendesha kila siku. Nikamwelewa. Upendo hakupiga. Alituma ujumbe mmoja tu: "Nimeamka mzima. Tafadhali usinitafute tena, na mwanangu usimsalimie ukimwona njiani." Anadhani mimi ndiye mchawi. Ningekuwa yeye, ningedhani hivyo hivyo.

Nikafunga virago. Nilishika barabara ya kwenda magharibi, na jioni nikaingia Manyoni, mji ambao nilikuwa naupita tu bila kushuka. Nikapata nyumba ya wageni yenye ua na geti la bati. Mama mwenye nyumba akanikaribisha, akaniuliza nimetoka wapi, akaniita mwanangu. Mumewe alikuwa uani amevaa ovaroli yenye madoa ya rangi. Fundi bodi. Alipoliona gari uso ukamchangamka, akasema hilo dogo, atalivuta kabla chai haijachemka, hatanitoza mgeni. Akanyoosha mkono.

Nilimdaka kifundo cha mkono kwa nguvu, mpaka mkewe akasogea. Nikaomba radhi. Nikasema nalipenda hivyo lilivyo. Wakatazamana kwa namna ambayo sasa naijua, maana tangu hapo nimeiona kila nyumba ninayolala, kwa watu wema wote. Nikaliegesha, ubavu wa kushoto umegusana na ukuta, asiweze kupita mtu. Nikapewa ufunguo.

Wewe mwenye gari, siku likibonyezwa na kitu usichokiona, usiharakishe kumpigia wakala wako. Tazama kwanza nani yuko pale na anaomba nini, na ukiona haombi kitu chako, mpe mkono. Na ukikutana nami njiani, gari dogo jeupe, dereva asiyejali linavyoonekana, usinionee huruma. Usije na nyundo yako. Pita mbali upande wa kulia, na watoto wako uwashike.