Sabuni ya Kafuri kwa Bibi Harusi

Wenzangu, sabuni yangu imewavuruga wanawake wote nyumbani.

Niliipika mwenyewe kwa mafuta ya nazi na maji ya jivu, zawadi ya dada yangu anayeolewa leo.
Nikatia kafuri, maana chuoni kwa maalimu tumesoma kwamba vinywaji vya peponi huchanganywa nayo.

Somo wake dada, yule anayemfunda, akainusa.
"We mwana, hii si karafuu maiti? Wamletea bibi harusi harufu ya sanda?"

Wallahi sikujua kuwa ni kitu kimoja.

Nyanya akaagiza itupwe.
Dada akaikumbatia. "Kanipikia mimi," akasema, akaingia nayo chooni kuoga.

Sasa harufu imefika barazani, na bwana harusi anakaribishwa ndani.

Nambieni, nibaki au nikajifiche kwa shangazi?