Chembe Alizozitafuna Mama

Mama alikausha samaki kwa moshi kule Majanji, ufukweni mwa ziwa, miaka mingi, mpaka moshi ukahamia kifuani mwake. Safari hii niliporudi kutoka Kitale nilimkuta Tororo, kwa dada yangu, ameketi kitandani akiinamia mto. Akilala chali, pumzi inakatika.

Daktari alikuwa amemwandikia kapsuli. Nikavuka Busia kwenda upande wa Kenya kuzinunua. Mwenye duka la dawa alifungua moja, akanimwagia kiganjani chembe nyeupe, ndogo kama punje za wimbi.

"Kila chembe imevishwa utando," alisema. "Dawa inapenya pole pole, kutwa nzima. Kapsuli ikimshinda kumeza, mnyunyizie kwenye uji. Ila asitafune, kaka. Utando ukivunjika, dawa ya siku nzima inamwingia kwa mara moja. Moyo utamwenda mbio, na jioni atabaki bila kitu."

Nilimweleza mama yote hayo, akaitikia kwa kichwa. Asubuhi akafungua kapsuli, akamimina chembe mdomoni, nami nikazisikia zikivunjika menoni kama mchanga.

"Mama! Si nilikwambia usitafune?"

"Dawa gani hii haina uchungu? Mimi nataka kusikia inaingia."

"Inaingia pole pole."

"Sikieni huyu! Wewe, mtoto ya barabara, hata ugali ya hapa haijakumaliza njaa umeshaondoka. Leo unanifundisha pole pole?"

Dada akacheka jikoni. Nikacheka na mimi.

Mikono ya mama ilianza kutetemeka, lakini kifua kikafunguka. Akasimulia Majanji, mahali ninapopakumbuka kila ninapolala ugenini: samaki mbuta, kila mmoja akibebwa na watu wawili, matusi ya wanawake penye moto, na siku alipomchapa mchuuzi Mkenya kwa samaki mbichi. Mchana akatapika. Jioni alivuta hewa kama mtu avutaye ndoo kutoka kisima kirefu mno.

Basi nikawa namkorogea chembe kwenye uji laini, nakaa mbele yake hadi ameze. Hakutapika tena, na moyo ukatulia. Lakini kifua hakikufunguka hata kidogo. Kutwa alikuwa na pumzi ile ile nyembamba, isiyotosha hata kumtukana kuku. Tulimrudisha kwa daktari. Akasema dawa inafanya kazi yake vizuri. Mapafu ndiyo yamekwisha, na hana dawa nyingine ya kumpa.

Mama alisikia. Asubuhi iliyofuata nilipoleta uji, aliusukuma pembeni, akaninyooshea kiganja.

"Lete hapa. Hiyo pole pole wape watu wenye siku nyingi."

Dada alikuwa mlangoni. Nikampa mama kapsuli, zile chembe zikavunjika, tukangoja wote watatu hadi mikono yake ilipoanza kutetemeka.

"Nilikwambia ile ya Mkenya na samaki?" akauliza.

Nikasema bado.