Kipande cha Ubavu Nilichomrudishia Ami

Iko siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu akiyasoma haya leo nitalala barazani. Ni ile Ijumaa niliyomrudishia ami yangu kipande cha nyama kwa ncha ya kidole, mbele ya watu, nikajiona nimefanya la maana.

Aliyenikumbusha ni mjukuu wangu Zuhura. Majuzi tulikuwa tunakula mchana hapa nyumbani, na mtoto huyu aliyekaa miaka miwili bila kutia nyama kinywani akanyoosha mkono akachukua kipande cha kuku. Binamu zake walipiga kelele kama waliomshika mwizi. Mmoja akampiga picha kwa simu, na kabla Zuhura hajameza, picha ilikuwa imeshafika Dubai kwa mama zake wadogo. Msichana akaingia chumbani akajifungia. Nilipomwuliza kupitia tundu la ufunguo kwa nini ameirudia nyama, aliniambia, "Babu, nimechoka kuulizwa." Nikamwambia afungue, nina kisa. Alipokwisha kukisikia akaniambia nikiandike, nafikiri ili nimwache apumzike. Basi nakuandikia na wewe, mwanangu, uliyeacha nyama au uliyeirudia, na hasa wewe unayemcheka mwenzako.

Mimi si mtu wa kwenda mbali. Nimezaliwa mtaa huu wa Kibokoni, na safari niliyoizoea ni ya kutoka hapa hadi Biashara Street, na hata hiyo nilikuwa nikifika nimechoka. Huko ndiko nilikoajiriwa nilipomaliza kidato cha nne, kukunja kanga katika duka la mama mmoja wa Kihindi. Sote tulimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, kama walivyomwita wanawe. Ba hakuwahi kula nyama tangu azaliwe, wala mamake, wala nyanya yake. Mchana alifungua vibakuli vyake vya bati vilivyopandana: dengu, bilingani, achari ya embe, na chapati nyembamba ambazo ungeweza kusoma gazeti lililo nyuma yake. Kila siku alinitengea fungu langu, bila kuniuliza mimi ni nani wala kwetu tunakula nini.

Kisha ikakaribia Idi Kubwa, na mbuzi akaletwa akafungwa uani kwetu siku nane. Mamangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hivyo mimi na baba tulikuwa tukiishi kwa Shangazi Mwanakombo, dada yake baba. Shangazi akanipa mimi kazi ya kumlisha yule mbuzi. Hilo lilikuwa kosa lake la pekee katika kunilea. Nilimpa maganda ya ndizi, nikamkuna kichwa, nikamsimulia habari za dukani, naye alisikiliza vizuri kuliko binamu zangu. Siku alipochinjwa sikustahimili kukaa nyumbani. Nilikwenda nikaketi nje ya duka la Ba, nalo limefungwa, mpaka njaa ikanirudisha. Tangu siku ile sikula nyama. Huruma yangu ilikuwa ya kweli, mwanangu, na hiyo mpaka leo siicheki.

Ninachokicheka ni kilichofuata. Haikunitosha kuacha, nilitaka mji mzima ujue. Binamu yangu akiwa na paja la kuku mkononi, nilimwuliza kama anajua mwenye paja alikuwa akielekea wapi. Nilitangaza kwamba mwiko uliogusa mchuzi wa nyama usiguse chakula changu, wala mfuniko, wala kijiti cha kukorogea. Shangazi akanitengea sufuria nyekundu iliyokatika mkono mmoja. Alikuwa na magoti mabovu yule mama, na jiko letu la makaa lilikuwa chini sakafuni. Kila mchana akichuchumaa mara mbili, mara ya kwanza kwa watu wote, na mara ya pili kwa bwana mkubwa. Kati ya sufuria moja na nyingine alinawa mikono, kwa sababu mimi ndiye niliyeagiza. Hakunung'unika. Mimi nilidhani amekubaliana na fikira zangu.

Sasa nikueleze habari za baba na ndugu yake. Ami Athmani, mkubwa wake baba, alikuwa dereva wa malori ya Shimanzi. Nyanya yangu alipofariki, ami alikuwa njiani karibu na mpaka wa Uganda, na zama hizo dereva hukumpata mpaka arudi mwenyewe. Maiti haiwekwi. Baba akamzika mamake jioni ile ile. Ami alipofika, siku mbili zilikuwa zimepita. Hakugombana. Alikwenda kaburini, akatoka, akahamia mtaa wa Majengo, na kwa miaka tisa hakumsemesha nduguye. Wakikutana msikitini kila mmoja hutafuta kiatu chake kwa bidii mpaka mwenzake apite.

Katikati yao alikuwa Shangazi Mwanakombo, dada wa wote wawili. Miaka tisa alikwenda Majengo na kurudi, mpaka ami akakubali kuja Ijumaa moja, baada ya sala, kula tu. Wala asiulizwe neno.

Asubuhi ile shangazi aliniita jikoni. "Leo utaketi nao kwenye sinia, uwe wa nne, pamoja na Mzee Bwanaheri," akaniambia. Mzee Bwanaheri alikuwa jirani yetu, mtu wa suluhu. "Kunde zako nimezipika, ziko kwenye sufuria yako. Watu wakiondoka utakula ushibe. Pale wewe keti tu."

"Niketi bila kula?"

"Chezea wali, babangu. Leo tu."

Sinia likaja, pilau ya mbuzi, na nyama juu yake. Wewe wajua desturi yetu: mkubwa humega nyama akawasogezea wenzake. Basi ami aliketi, hakuinua macho. Akachukua ubavu mnono, akaumega kwa utaratibu kama mtu anayefungua barua. Sote tulijua unakokwenda. Lakini miaka tisa ni mingi, mkono haukuweza kuvuka sinia ukafika kwa baba moja kwa moja. Ukasimama kidogo hewani, kisha ukaja kwangu. Akaniwekea kile kipande mbele yangu, akasema, "Mwana wa ndugu yangu, kula."

Mwana wa ndugu yangu. Miaka tisa hakulitamka neno ndugu.

Nami nikasema, "La, ami. Mimi sili maiti." Kisha nikakisukuma kile kipande kwa ncha ya kidole, juu ya wali, mpaka kikafika upande wake.

Nyuma ya pazia nilisikia kijiko cha shangazi kikianguka. Ami alikitazama kile kipande, akamtazama baba kwa mara ya kwanza.

"Mtoto hasemi ila aliyofunzwa," akasema. "Nimeelewa." Akanawa mkono ambao haujatia hata tonge moja kinywani, akashuka ngazi.

Baba hakunipiga wala hakunitukana. Aliinuka akaenda kusimama dirishani, akampa mgongo Mzee Bwanaheri, jambo ambalo sijamwona akilifanya tena maishani mwake. Na shangazi, wallahi mwanangu, hili ndilo linaloniuma mpaka leo, shangazi alichuchumaa kwa magoti yale yale, akaniletea sufuria yangu nyekundu. "Kula, babangu, zisipoe."

Nikala. Nilikuwa mjinga, lakini tena nilikuwa na njaa.

Kesho yake nilimweleza Ba habari yote, nikimsimulia kama mtu aliyerudi vitani na ushindi. Nilitaraji anisifu. Alikuwa anakunja kanga, hakusita.

"Alikupa kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Ba."

"Na wewe ukarudisha kwa kidole?"

Nikakitazama kidole changu.

"Mimi naalikwa harusi za Kibokoni tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Umepata kusikia mtu akisema Ba amemkatalia chakula chake? Mwenye sahani akija naipokea kwa mikono miwili. Nashukuru, namwuliza habari za watoto, namsogezea aliye karibu nami. Kisha naomba chai. Yule mama anaondoka anacheka. Mji huu wote hakuna anayejua sawasawa nakula nini. Wewe una miezi saba tu, na mpaka wachukuzi wa sokoni Marikiti wanajua."

"Lakini Ba, na mbuzi je? Si viumbe wa kuhurumiwa?"

Hapo ndipo alipoiweka kanga chini. "Wahurumie. Nani kakukataza? Miezi saba umemhurumia mbuzi. Shangazi yako mwenye magoti mabovu ulimhurumia lini?"

Mwanangu, nimesomeshwa na walimu kadhaa, wengine kwa fimbo. Hakuna somo lililoniingia kama lile. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama basi nile nyama.

"Mimi sikwambii ule, mimi mwenyewe sitakula mpaka nife. Nakwambia nenda Majengo. Sasa hivi. Kanga hazina miguu, zitakungoja."

Nilikwenda kwa miguu, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa toba tosha. Nilimkuta ami ameketi mlangoni kwake na mkewe, Bi Time.

"Umekuja kunifunza kula?" akaniuliza.

Nikamwambia baba hakunituma, wala hakunifunza yale maneno. Nikamwambia ndivyo nilivyo kila mahali, kila nyumba, na kwamba hata shangazi nimempikisha sufuria mbili tangu Idi kwa ajili ya mbuzi niliyekuwa nikimkuna kichwa.

"Mbuzi yupi?"

"Wa uani, ami. Mweupe, mwenye baka shingoni."

Bi Time akaingiza uso kwenye leso, mabega yanamtikisika. Ami alijizuia, kisha naye akashindwa. "Miaka tisa," akasema, "halafu nimefukuzwa siniani na mbuzi!"

Akacheka mpaka akajifuta macho, kisha kicheko kikaisha lakini aliendelea kujifuta. "Nilipofika," akaniambia, "mchanga ulikuwa umeshakauka. Nilimletea mamangu asali ya bara. Sikujua nimpe nani."

Bi Time ndiye aliyeinuka, akaenda ndani, akarudi na sahani iliyofunikwa kawa la ukindu. Lilikuwa kawa la shangazi, ningelijua popote. Jana ile ile, ami alipoondoka, shangazi alikuwa amempelekea pilau nyumbani. Na ami hakuigusa. Bi Time alikuwa ameitia moto asubuhi, akaiweka tena.

Ami akalifunua. Juu kabisa palikuwa na ule ubavu.

Akanitazama. Ningeweza kufanya alivyonifunza Ba, kushukuru na kumsogezea Bi Time, na isingekuwa kosa. Lakini nilikuwa nimeuona ule mkono ukirudi mtupu, na sikutaka kuuona tena. "Nimegee, ami," nikasema.

Akanimegea. Nisikudanganye: ilikuwa ya jana, imekauka kando, na ilikuwa tamu. Miezi saba nilikuwa nikipita mbele ya wauza mishkaki huku nimeshika pumzi, na hilo sikumwambia mtu. Lakini kilichonirudisha hakikuwa utamu. Watu hurudia nyama kwa sababu nyingi, wengine kwa udhaifu wa mwili, wengine kwa harufu ya makaa, wengine kama Zuhura kwa kuchoka kujieleza. Mimi nilirudi kwa sababu nilikuwa nimejitenga kwenye sinia, na nilitaka kupokewa tena.

Tulipokwisha kula, ami aliiosha ile sahani mwenyewe. Akalichukua kawa, akavaa kofia. Tukaenda naye Kibokoni. Baba alikuwa mlangoni, na mara hii hakukuwa na viatu vya kutafuta.

"Nimeleta kawa la Mwanakombo," ami akasema.

Baba akalipokea kwa mikono miwili. "Ingia," akasema. "Chai iko tayari." Tangu siku ile waliketi sinia moja kila Ijumaa, mpaka mmoja alipomzika mwenzake, na mara hii ndugu hakukosa maziko.

Jumatatu nilirudi dukani. Ba alifungua vibakuli vyake, akanitengea fungu langu kama kawaida. Hakuniuliza nimekula nini, wala hakuniuliza tena mpaka alipofariki. Namshukuru kwa karipio lake, na kwa kule kutoniuliza namshukuru zaidi. Shangazi naye nilimnyang'anya ile sufuria nyekundu. Nikitaka kunde nazipika mwenyewe, mpaka leo, na mke wangu husema zina mawe.

Jana nilizipika, za nazi, zikawekwa kando ya sinia la nyama. Sikumwuliza Zuhura atakula nini. Alitoka chumbani, akaketi. Yule mwenye picha alikuwa ameifuta, kwa hiari yake, baada ya mimi kukaa juu ya simu yake kwa muda wa saa nzima. Kisha akamega nyama akamsogezea Zuhura, naye akaipokea. Aliila au alinipitishia mimi, sitakwambia. Haikuhusu, wala hainihusu.

Nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu. Ukiiacha nyama kwa huruma, shikilia huruma yako, ila umhurumie na anayekupikia. Chuchumaa wewe jikoni. Ukiirudia, rudi bila aibu, huna kesi ya kujibu kwa mtu. Ukimwona mwenzako ameirudia, mpishe aketi, usimhesabie siku. Na mtu akikunyooshea mkono wenye chakula, tazama kwanza mkono umetoka umbali gani, ndipo utazame kilichomo.

Mungu akujaalie sinia lisilopungua watu, na akupe wa kukumegea uzeeni kama mimi nilivyopewa. Na Shangazi Mwanakombo, popote alipo, ampe magoti mazima.