Mkeka Nilioacha Ulegee

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, nyundo na mkeka uliohitaji wanaume wanne kuubeba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nilikuja Shinyanga mjini kutafuta kibarua kwenye jineri, yaani kinu cha kuchambua pamba. Afisa Ustawi wa kinu akanitazama mabega, akasema, "Wewe marobota yatakuua. Utatunza kiwanja cha kriketi." Mchezo wenyewe sikuwahi kuuona. Nilidhani ananitania.

Leo mnaiona kriketi kwenye televisheni, nyasi zimenyolewa vizuri. Sisi nyasi tungezitoa wapi? Tulishindilia changarawe kwa rola la chuma, juu yake tukatandika mkeka wa kamba za makumbi, na mpira ulidunda hapo. Asubuhi niliumwagia maji ukajivuta, nikaupigilia vigingi pande zote. Ikifika saa sita jua limeukausha, umelegea, na hapo ni balaa: mpira mmoja unatambaa, unaofuata unarukia meno ya mpigaji. Kwa hiyo wachezaji walipokwenda kula, mimi nilirudi na nyundo kuukaza upya. Hakuna aliyewahi kusema asante. Kiwanja kikiwa kizuri, sifa ni za wachezaji.

Shija alikuwa kibarua wa marobota, kijana wa miaka kama kumi na tisa kutoka Msalala. Jioni moja mazoezini tulipungukiwa mtu, nikamwambia ashike beti, ule ubao wa kupigia. Waliomrushia mpira walikuwa wafanyabiashara wa mjini, watu waliocheza tangu shuleni. Mtu anayeanza huukimbilia mpira. Shija aliungoja mpaka ukafika chini ya pua yake, ndipo akausukuma mahali pasipo na mtu. Nilimuuliza amejifunzia wapi.

"Ng'ombe mkali ukimkwepa mapema anakufuata," alisema. "Mimi namngoja."

Misimu miwili nilimtandikia mkeka kila jioni baada ya zamu, bila kuagizwa na mtu. Sijawahi kumpenda hivyo mtu asiyekuwa wa damu yangu. Na mdomo wangu haukutulia. Siku moja, mbele ya watu wote, nikamwambia Meneja wa kinu, mwenye timu, "Huyu atachezea taifa. Ulaya watalijua jina lake." Watu walicheka. Meneja hakucheka. Alikuwa mzaliwa wa mji huu, Kisukuma alikisema vizuri kuliko baadhi yetu, na kriketi aliipenda kuliko pamba.

Niliyarudia maneno hayo kwa kila mgeni aliyekuja kucheza, hadi wateuzi wa timu ya taifa wakapata habari. Wakaandika kwamba watakuja kumwona tukicheza na timu ya Mwanza. Siku moja kabla, Meneja akaniita ofisini.

"Masanja, una hakika watamchukua?"

"Wakimwona, Bwana Meneja, hawamwachi."

"Na mimi nabaki na nani? Tangu aje, Mwanza hawajatufunga." Alitazama dirishani kwa muda. "Kesho wakienda kula, na wewe nenda ukale. Umechoka. Mkeka uache ulivyo."

Nilimwelewa. Nilikuwa nakaa nyumba ya kinu na watoto watano, Kabula ndiye mkubwa. Nikasema, "Ndiyo, Bwana Meneja." Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba sikufanya kitu. Ni kweli, nilikaa nyuma ya stoo na sahani ya wali mapajani, sikufanya kitu.

Shija aliingia kupiga baada ya chakula. Mpira wa kwanza uliruka ukampasua mdomo. Wa pili aliungoja kama kawaida yake, ukatambaa chini ya beti, ukaangusha vijiti vitatu vya nyuma yake, na hapo mpigaji hutolewa. Alipokuwa bombani akiosha damu, Meneja akanipa ishara, nikachukua nyundo nikaukaza mkeka. Waliomfuata walicheza bila taabu mpaka jua likapoa. Wateuzi waliondoka bila kumsemesha.

Jioni alinikuta nakunja mkeka, mdomo umemvimba.

"Shikamoo, Baba Kabula."

"Marahaba."

"Mkeka, mchana uliukaza?"

"Niliukaza. Kama siku zote."

"Basi ni mimi," akasema. Akaiegemeza beti ukutani, na sikumwona akiishika tena. Kabla ya mwisho wa mwezi alikuwa ameacha kazi.

Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo, nikapelekwa tawi la Kahama kuwa msimamizi wa stoo. Mabosi wangu wote wa baadaye walinisifu kuwa mtu mtiifu, na sifa hiyo ilinichoma kila nilipoisikia. Timu ya Shinyanga ilikufa. Wachezaji walihama mmoja mmoja, Meneja naye akaondoka, na mchwa wakaumaliza mkeka. Tulimzuia kijana kwa ajili ya timu ambayo haikufika hata miaka mitano.

Nilistaafu miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Wenzangu walirudi kulima. Mimi nilipanda lori kwenda Bugarama, maana niliambiwa Shija yuko huko na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilimkuta amekaa kando ya shimo anatwanga mawe. Aliniamkia kwa heshima ileile, akanisogezea ndoo nikaikalia. Nikamwambia yote: Meneja, wali, nyundo, uongo wangu wa jioni ile. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

Aliacha kutwanga.

"Mwanangu wa kwanza aliitwa timu ya mpira ya mkoa," alisema. "Walimu walikuja nyumbani kuniomba. Walisema ana kipaji, atafika mbali. Niliwafukuza. Nilimwambia, kwetu hakuna mwenye jicho la mchezo, mimi nilijaribu nikajionea. Asije akaaibika mbele za watu."

"Yuko wapi sasa?"

Shija alishika kamba iliyokuwa imening'inia shimoni, akaitikisa mara mbili. Baada ya muda ikatikiswa kutoka chini.

"Huyo hapo," akasema.