Mama Aliniuliza Kama Nimekula

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo nywele zinanisimama. Ilikuwa mchana, jua linawaka hapa Ruiru, nimetoka Thika kusafishwa damu kwa mashine, maana kisukari kilishaniharibia figo. Nikajilaza kwenye kochi. Chakula sikutaka hata kukiona.

Nikamwona mama yangu amekaa kwenye kiti cha dirishani.

Mama tulimzika kabla sijaolewa. Lakini alikuwa pale, gunia la kuchumia kahawa kiunoni, linachuruzika maji, na sakafu kavu kabisa. Baridi ikanishika, jasho likanilowesha mgongo. Cha ajabu, sikuogopa. Nilitaka tu kumfuata.

"Nyambura," akasema, "umekula?"

Wee! Sauti ni ile ile. Nikiwa msichana nilikuwa nakimbilia shambani bila kutia kitu tumboni, nijaze debe kabla ya wenzangu. Siku moja nikaanguka katikati ya mibuni. Mama akanimwagia maji, kisha akanifokea mbele ya watu wote: "Unataka nikuzike kwa sababu ya kiburi?" Nilimnunia siku nzima, mjinga mimi.

Basi nikamwita mama kwa lugha yetu, nikamjibu kama mtoto: "Bado, maitu. Sijakula."

Wanjiku, mke wa kijana wangu, alinisikia kutoka jikoni. Alidhani naongea kwa simu, mpaka akaiona simu yangu hapo mbele yake inachaji. Akaja mbio. Jirani aliyekuja kunijulia hali alikuwa ameshanikuta naongea na kiti, anakemea mapepo. Wanjiku akanidunga kidole, akapima. "Ngai! Sukari imeshuka!"

Akakoroga glukosi. Jirani akamshika mkono: "Utamuua! Huyu si ana ugonjwa wa sukari?" Wanjiku akamsukuma kando, akaninywesha.

Polepole kiti kikabaki kitupu. Nililia, mwanangu. Nilikuwa nimempoteza mama mara ya pili.

Daktari alinieleza kwamba figo zikifa, insulini inakawia mwilini. Nami nilikuwa najidunga kiasi kile kile cha zamani, halafu nalala njaa. Akanipunguzia.

Kwa hivyo nisikie. Mama yako akianza hiyo mashine, mrudi kwa daktari mpangiwe insulini upya, msijipangie. Mpime kabla ya kwenda na akirudi, na usimwache alale bila kula. Glukosi ikae karibu, hata kama nyumba nzima mmeacha sukari. Usimpe juisi ya machungwa badala yake, si nzuri kwa figo zake. Akishindwa kumeza, usimlazimishe, kimbia hospitali. Na ukimsikia anaongea na mtu usiyemwona, pima kwanza. Maombi utaomba mkono ukiwa kazini.

Mungu akupe sikio kama la Wanjiku, na akuachie mama yako miaka mingi. Mimi kile kiti sijakiondoa. Kila nikitoka Thika nakula, nakitazama, halafu nasema kwa sauti: "Nimekula, maitu." Ndipo nalala.